Popo Waliokuja na Isale

Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka wa elfu mbili na tisa, saa mbili asubuhi, Justina alitoka nje na beseni la nguo akakuta kamba yake ya kuanikia imejaa. Popo thelathini hivi walikuwa wamening'inia kichwa chini, kwa nafasi, kama watu wa foleni ya sukari zamani za ugawaji. Kila mmoja alikuwa na unga mweupe puani. Walikuwa wakipiga chafya kwa zamu. Aliyekaa mwanzo wa kamba, jike mzee mwenye sikio lililochanika, alikuwa ameshika mdomoni jani la isale lililofungwa fundo.

Justina akaweka beseni chini akalitazama lile fundo. Lilikuwa limefungwa sawasawa, afadhali kuliko wanavyofunga vijana wa siku hizi wanaokwenda kuomba radhi ukweni huku wananuka pombe.

"Ngojeni ninawe," akawaambia, maana mikono yake ilikuwa na sabuni.

Mtu wa Marangu haelezwi isale ni nini, ila kwa msomaji wa mbali tuseme hivi: ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo, umemwomba, naye hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ulimuulia ng'ombe. Hata kama ulimtorosha binti na ng'ombe pamoja. Akishalipokea, shida yako imekuwa mzigo wake mpaka aitimize. Justina akanawa, akapiga goti, akalipokea kwa mikono miwili. Popo wakapiga chafya wote kwa pamoja, wakaruka kurudi pangoni mwao wakiyumba, maana jua lilikuwa linawaumiza macho.

Hakuwauliza wanaomba nini. Alikuwa anakijua tangu mwezi wa pili, na ndicho kilichomkosesha raha ya chakula.

Pango lenyewe lilikuwa kwenye kihamba, shamba la urithi, cha shemeji yake, Filemon. Mababu walilichimba kuficha ng'ombe na wanawake, kwa mpangilio huohuo wa umuhimu, enzi za vita vya machifu, mangi huyu na mangi yule. Vita vilipokwisha popo wakahamia, wakaishi humo maelfu kwa maelfu, wakitoka kila magharibi kula wadudu wa kahawa na migomba, bila kumdai mtu asante. Halafu likaja soko huria, na soko huria likamleta Filemon. Wa aina yake wapo wengi siku hizi: mtu asiyejua kufanya kazi yoyote duniani isipokuwa kusimama mlangoni na kuwatoza wanaoingia. Aling'oa kahawa ya baba yake mche kwa mche, akapigilia kibao cha bati kwenye mgomba, akaanza kuwaingiza Wazungu pangoni siku moja kabla hawajapanda mlima.

Wazungu walikuja na makubazi, na pango lina tope. Ndipo Filemon akashuka Moshi akanunua robota zima la mabuti ya mitumba. Kazi ya kuwavisha na kuwavua wageni akampa Justina, mjane wa kaka yake, akisema ni msaada. Huwa wanaita msaada kazi ambayo hakuna mwingine anayeitaka.

Siku robota lilipofunguliwa, Justina aliona kwamba udongo uliokauka kwenye soli haukuwa wa hapa. Wa hapa ni mwekundu, ule ulikuwa wa kijivu, na juu yake umeota unga mweupe wa kuvu. Akataka kuyaosha.

"Kuosha kwa maji gani?" akauliza Filemon. "Zamu yetu ya maji ya mfereji wa mfongo ni Jumatano, na Jumatano maji yanakwenda kwenye nyanya zangu. Tena usiwe mshamba, Mama Gladi. Mgeni akiona buti lina tope anajua amefika porini. Udongo ndiyo safari yenyewe."

Gladi ni Gladness, binti wa Justina aliyeolewa Mabogini. Filemon alikuwa akitamka jina hilo kwa upole kila alipotaka kusema jambo la kipumbavu.

Basi mabuti yakaingia pangoni hivyohivyo. Wiki ya pili unga mweupe ulionekana sakafuni, pale miguu ilipopita. Wiki ya nne ulikuwa ukutani. Wiki ya sita ulikuwa puani mwa popo, na popo wakaanza kutoka mchana, jambo ambalo popo mwenye akili zake hafanyi, wakaanguka kwenye migomba kama maembe yaliyoiva. Justina akawa anawakusanya kwenye sufuria kuukuu na kuwazika. Filemon akasema azike upande wa nyuma, wageni wasione.

Sasa, na jani la isale mkononi, Justina alikuwa na jambo moja tu la kutimiza: pango lifungwe na mabuti yachomwe, kabla popo wa mwisho hajaanguka. Alikuwa ameshapokea. Hakuna kurudi nyuma.

Akaanza na serikali, kwa kuwa aliheshimu utaratibu, masikini. Akatia popo watatu waliokufa kwenye kopo la majarini, akampelekea Kornel, bwana mifugo wa kata. Kornel akafungua kopo, akafunika.

"Mama, popo si mfugo."

"Ni mnyama lakini, baba. Na anaumwa."

"Mnyama asiyefugwa ni wa maliasili. Nikimtazama huyu nitakuwa nimeingilia idara ya watu."

Alipofika maliasili wakamuuliza kama mnyama huyo ana pembe au meno ya thamani. Akasema hana. Wakamwelekeza kwenye afya. Watu wa afya wakamuuliza kama popo amemng'ata mtu. Akasema bado hajamng'ata mtu.

"Akishang'ata, uje naye," wakamwambia, wakamrudishia kopo lake. Watu hawa wamesomeshwa kwa kodi ya kahawa ya wazazi wetu, tusisahau hilo.

Kesho yake akashuka Moshi mpaka Njoro, kwa Shakiru, muuza mitumba aliyemuuzia Filemon robota. Alikuwa kijana mwenye adabu, akamkaribisha kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yale mabuti yalikuwa ya nani?"

"Ya Wazungu, mama. Waliyavua."

"Waliyavalia wapi?"

Shakiru akafikiri. "Lile robota lilikuja na vikofia vya taa. Wenyewe ni watu wanaoingia mapangoni huko kwao kwa kujifurahisha. Taa ziliisha siku hiyohiyo, mafundi wa umeme walizigombea."

"Na mabuti waliyatupa ya nini? Mbona mazima?"

"Walioyapakua Dar wanasema wenyewe hao Wazungu waliamriwa wayachome. Kuna ugonjwa wa popo huko kwao. Sasa mama, kiatu kizima hivi, ngozi tupu, mtu akichome? Si dhambi hiyo?" Alisema kwa uchungu kabisa, kama anayewatetea yatima.

Justina akarudi juu na habari hiyo. Ilikuwa nzito, lakini ilikuwa yake, na aliona kwamba mtu yeyote atakayeisikia atafanya linalopasa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na bado aliamini hivyo. Acha tu.

Alimkuta Filemon amekaa chini ya kibao chake, anachezea simu.

"Shemeji, nimeletewa hili," akasema, akamwonyesha jani.

"Na nani?"

"Popo."

"Wangapi?"

"Thelathini hivi. Walikuja na bibi yao."

Filemon akakunja uso. Kilichomuuma si kwamba popo wamefunga fundo, ila kwamba wamempita. "Wangeniletea mimi. Mwenye pango ni mimi. Kwani hawanijui?"

"Wanakujua sana. Wanaomba pango lifungwe, mpaka masika haya na yajayo yapite. Na mabuti tuyachome. Ugonjwa umeletwa na mabuti, shemeji, nimeuliza mpaka Njoro."

"Nifunge? Jumamosi ya wiki ijayo nina Wadachi ishirini!"

"Wewe umeziona pua za popo?"

"Nimeziona. Wageni wanazipenda, wanapiga picha. Wanasema popo wetu ni wa aina ya pekee." Akarudi kwenye simu yake. Lakini baada ya kitambo akalitazama tena lile jani, kwa pembe ya jicho. Filemon hakuogopa Mungu wala bwana mifugo, ila isale aliiogopa, maana alimjua mtu wa Mwika aliyekataa isale, na mpaka leo mtu huyo akinywa maji yanamtokea puani. "Jambo la isale ni la ukoo," akasema. "Tutalipeleka kwa Meku Wenseslaus, Jumapili baada ya misa."

Meku Wenseslaus ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuwa na sifa tatu za uongozi: sauti nene, koti, na uwezo wa kusinzia bila kufumba macho. Jumapili wazee tisa wakakaa barazani kwake, pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, likiwa katikati. Popo nao wakaja, kwa kuwa jambo lilikuwa lao. Kutoka thelathini walikuwa wamebaki kumi na tisa. Wakaning'inia kwenye boriti, jike mzee akiwa mbele. Mke wa Wenseslaus akawawekea mbege kidogo kwenye kisosi, wakashuka mmoja mmoja wakaonja, wakarudi mahali pao. Wazee wakapendezwa na adabu hiyo.

"Karibuni," akasema Wenseslaus. "Tuna jani hapa. Swali ni dogo. Katika mila zetu, isale inapelekwa na nani?"

"Na mwenye kosa," wakajibu wazee.

"Na hapa nani ameleta?"

"Popo."

"Basi kosa ni la popo. Tuendelee."

Justina akasimama. Mwanamke hasimami ovyo kwenye kikao cha namna hiyo, na alilijua hilo. "Meku, isale inapelekwa pia na mwenye shida. Hawa hawajakosa. Wanaomba. Wanakufa."

"Mama Gladi, kaa, mwanangu. Asiyekosa ataombaje radhi? Wewe ungekwenda kwa jirani na isale bila kosa? Ungeonekana kichaa." Wazee wakacheka vizuri, meno yakiwa na povu la mbege. "Sasa tutafute kosa lao, maana hatuwezi kusamehe kitu tusichokijua."

Wakalitafuta kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha kwenye kuchimba mfongo. Mmoja akasema popo wameishi pangoni tangu enzi za babu bila kumwomba mtu ruhusa. Mwingine akasema wananuka. Wa tatu akasema hawakuja kwenye msiba wa mke wake. Filemon akasema, kwa sauti ya mtu aliyevumilia mengi, kwamba wanakufa mbele ya wageni, na kwamba juzi mmoja alimwangukia mama mmoja wa Kizungu begani akamtia hofu. Hilo likaonekana kubwa kuliko yote. Likaandikwa. Jike mzee alisikiliza yote, kichwa chini, akipiga chafya pale tu ambapo hakuna aliyekuwa anasema.

"Ugonjwa ulikuja kwa miguu ya wageni," akasema Justina, amesimama bado. "Mabuti yalitakiwa kuchomwa huko yalikotoka. Mimi ndiye niliyewavisha watu. Niliuona ule unga nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nataka kazi. Kosa ni letu, Meku."

Hata wale waliolala waliamka.

"Basi na wewe una kosa lako," akasema Wenseslaus kwa upole. "Lakini hilo ni jambo lingine. Halimo kwenye ajenda."

Wakapitisha. Ukoo unawasamehe popo makosa yao yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, na hautadai fidia. Wenseslaus akamwaga mbege kidogo chini, akawaambia popo waende kwa amani na wajirekebishe. Filemon akashangilia kuliko wote. Mzigo ulikuwa umemtoka: isale imepokewa, imejibiwa, hakuna aliyekataa kitu. Popo wakaondoka. Wawili hawakufika, Justina aliwaokota kwenye njia ya kanisani.

Jumamosi Wadachi wakaja, ishirini kamili, wakavaa mabuti.

Hasira aliyokuwa nayo Justina haikuwa ya kupiga kelele. Ilikaa tumboni kama kiporo kilichochacha. Aliwadharau wazee, alimdharau Filemon, alimdharau Kornel na kopo lake lililofunikwa. Lakini kila alipofika mwisho wa orodha alijikuta mwenyewe, amepiga magoti, anafunga kamba za mabuti. Akasema basi. Kama wamekubaliana kwamba isale inapelekwa na mwenye kosa, yeye ataipeleka.

Jumatatu mchana, siku isiyo na wageni, alikwenda kwenye kaburi la mume wake, Jacob, akakata jani kwenye isale iliyopandwa kichwani pake. Jacob aliuliza kutoka chini ni la nani.

"La popo," akasema Justina.

"Ulichelewa," akasema Jacob, ambaye hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa maneno machache.

Akalifunga fundo. Akavua viatu akaosha miguu yake mpaka magotini, kwa maji ya kunywa, akaingia pangoni peku. Popo walikuwa kumi na mmoja. Wengine wote, yale maelfu ambayo zamani yalitoka magharibi mpaka anga la Marangu likawa jeusi, walikuwa sakafuni, na Wadachi walikuwa wamepita juu yao. Akapiga magoti kwenye tope, akainua jani kwa mikono miwili.

"Nilijua," akasema. "Niliuona unga kabla yenu. Nilipewa kazi nikaipenda kuliko nyie. Kikao hakikusema hivyo, kwa hiyo nasema mimi. Nisameheni." Akalia, kwa sauti, kama mtu aliye peke yake.

Popo wakashauriana kwa muda mrefu. Ilionekana kwamba wapo waliokataa. Dume mmoja aliruka mpaka mwisho wa pango akageuza mgongo. Lakini walikuwa popo wa Marangu, wamezaliwa hapa, wamelelewa hapa, na mtu aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Jike mzee akashuka. Hakuwa na nguvu ya kuruka, alitambaa ukutani kwa kucha, akalichukua lile jani kwa mdomo, akapanda nalo kurudi juu. Justina akahisi kifua kimefunguka. Kwa muda wa kama dakika tatu alikuwa mtu mwenye furaha.

Halafu akasikia makofi. Filemon alikuwa amesimama mlangoni, mahali pake pa siku zote.

"Wamepokea!" akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Mama Gladi, umetuokoa. Mimi nilikuwa bado nina wasiwasi kidogo, nikajiuliza, je, kama kweli sisi ndio wenye kosa? Sasa hata kama ni sisi, wametusamehe. Kesi imeisha pande zote mbili!"

"Nimejiombea mimi, shemeji. Sikukuombea wewe."

"Sisi si ukoo mmoja?" akasema Filemon, na alikuwa na machozi ya kweli machoni. "Sasa nitafanya kazi kwa moyo mweupe."

Akafanya. Akaleta robota la pili. Akabadilisha kibao, akaandika kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba hili ni pango la popo waliosamehe. Wageni wakaongezeka mara mbili, maana wageni hupenda sana kusikia kwamba mahali fulani wamekwisha kusamehewa. Kornel naye akaja, siku yake ya mapumziko, na familia, akapiga picha mlangoni. Popo kumi na mmoja wakawa saba, wakawa watatu. Jike mzee alikufa wa mwisho, Alhamisi, na jani mdomoni. Tangu hapo nondo na mbu wakajaa vihambani, na kahawa ya wale waliokuwa bado nayo ikatobolewa matundu. Wazee wakaitisha kikao kuwasema wadudu.

Mwezi wa nane ukaja ujumbe wa watu thelathini kutoka nchi ambayo Filemon hakuweza kulitamka jina lake. Wakavaa mabuti yao, wakaingia, wakamulika dari yote. Mkalimani wao akatoka akauliza popo wako wapi, maana kibao kinasema popo.

"Waambie walisamehe, wakaenda zao," akasema Filemon.

Mkalimani akawaambia. Wengine wakaitikia kwa vichwa, waliguswa. Bibi mmoja akauliza kama wanaweza kuonyeshwa jinsi ilivyokuwa. Filemon akamgeukia Justina, aliyekuwa amekaa kwenye kigogo na lundo la makubazi yao mapajani.

"Mama Gladi. Kata isale, ingia, piga magoti pale. Hivyohivyo ulivyofanya."

Justina alimtazama kwa dharau ambayo mtu mwingine ingemwangusha chini. Filemon hakuanguka, alikuwa anapanga wageni kwa urefu. Justina akakata jani, akalifunga fundo, akaingia, akapiga magoti. Wageni wakazima taa kwa heshima. Akaliinua jani kuelekea dari tupu, na ingawa aliambiwa aonyeshe tu, maneno yalimtoka yaleyale, na aliyasema kwa moyo wote, kwa sababu hakuwa na maneno mengine. Akangoja. Mikono ikamchoka. Hakuna aliyeshuka kulipokea.

Akatoka nalo. Filemon akamwambia kuna kundi jingine saa tisa, na mengine mawili kesho.

"Na usikate lingine," akasema. "Tumia hilohilo, bado bichi."

Alilitumia hilohilo. Lilikaa bichi mwaka mzima.